Kuvua Samaki Juu ya Barafu ya Mwisho

Wasomaji wetu, wengi wenu mwakaa karibu na maziwa au pwani, na baadhi yenu ni wana wa wavuvi. Mwajua ngalawa na wavu, dema na mshipi. Mwajua pia hofu ya mvuvi, pepo zinapoamka naye yu mbali na nchi kavu. Leo twataka kuwapa habari za wavuvi wa namna nyingine, wasio na chombo wala kasia. Hao huenda kwa miguu mpaka katikati ya ziwa, wakaketi juu ya maji kama watu wanaoketi barazani, wakavua samaki kwa tundu lenye upana wa sahani. Hofu yao si mawimbi. Hofu yao ni kwamba sakafu waliyoikalia itawaachia.

Nchi yenyewe iko katikati ya Amerika ya Kaskazini, mbali sana na bahari. Upande wa Kanada yamo majimbo ya Alberta, Saskatchewan na Manitoba, na upande wa Marekani North Dakota, South Dakota na sehemu ya Minnesota. Ni nchi tambarare ya majani na ngano, hata mtu akisimama aona mbingu ikigusa ardhi pande zote. Zamani nchi hiyo ilifunikwa na barafu nene mfano wa milima. Ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, iliacha mabonde na mashimo yasiyohesabika, na maji yakajaa humo. Ndiyo maziwa ya leo. Mengi ni madogo, ya kina kifupi. Machache ni makubwa, kama Last Mountain Lake lililo karibu na mji wa Regina, ambalo urefu wake ni kama kilometa 90. Katika Januari baridi ya usiku yaweza kufika digrii 30 chini ya kiasi cha maji kuganda, na barafu ya ziwani huwa nene sentimita 60, hata 90. Hapo magari hupita juu yake kama barabarani.

Kabla ya kuendelea hatuna budi kueleza habari za barafu, maana asiyeielewa atadhani twasimulia hadithi. Vitu karibu vyote vikipoa hujikaza na kuzidi uzito. Maji nayo hufanya vivyo hivyo mpaka yafike digrii 4. Hapo ndipo yalipo mazito kupita wakati wote. Yakizidi kupoa hugeuka mepesi, na yakiganda hutanuka, yakaongezeka kama sehemu moja katika kumi na moja. Aliyesahau chupa iliyojaa maji ndani ya friji na kuikuta imepasuka ameiona nguvu hiyo. Kwa sababu hiyo barafu huelea. Mwalimu na atie kipande cha barafu katika bilauri mbele ya wanafunzi wake, kisha awaulize: kama barafu ingalizama, samaki wa nchi za baridi wangaliishi wapi? Lakini barafu hukaa juu kama kifuniko cha chungu, na chini yake maji hubaki maji, ya baridi kali karibu na kifuniko, na ya vuguvugu kidogo kule chini kabisa. Humo samaki hupitisha miezi mitano.

Samaki anayetafutwa sana huitwa pechi. Ndugu zetu wa Ziwa Victoria wasidanganyike na jina. Waingereza humwita sangara kwa jina hilo hilo, wakisema ni pechi wa Naili, lakini sangara, aliyetiwa katika ziwa lile miaka ya 1950 na 1960, ni wa jamaa nyingine, naye aweza kumpita mtu kwa uzito. Pechi wa nchi ile ni mdogo. Mwenye sentimita 20 ni wa kawaida. Mwenye sentimita 30 ni wa kujivunia, na uzito wake hukaribia nusu kilo. Mkubwa kupita wote walioandikwa alivuliwa New Jersey mwaka 1865, naye alikuwa na kilo 1.9 tu. Rangi yake ni ya manjano, na mistari myeusi sita hata minane hushuka ubavuni, kama mtu aliyevaa fulana ya mapande. Mapezi yake ya chini yana rangi ya chungwa. Pezi la mgongoni lina miiba, na ukingo wa kifuniko cha shavu ni mkali, hata mpishi asiyejua hukatwa kidole. Majike huwa makubwa kuliko madume. Hutembea makundi makundi wakati wa mchana, na usiku hutulia chini wasile kitu. Chakula chao ni uduvi wa maji baridi, mabuu ya usubi yaliyojificha katika matope, na samaki wachanga. Nyama yake ni nyeupe, tamu, isiyo na harufu ya tope. Hapana nyumba katika nchi ile isiyojua kuichovya katika unga na kuikaanga.

Basi, mtu aweza kumvua pechi tangu Desemba, barafu ikiwa changa. Lakini wavuvi wenyewe husema kwamba majira yaliyo bora ni ya mwisho, yaani Machi, na penginepo mwanzo wa Aprili. Kuna sababu zake.

Wakati wa baridi kuu theluji hulala juu ya barafu, na mwanga haupenyi. Majani ya ziwani hukosa mwanga, hayatoi tena ile hewa safi ambayo samaki huivuta kwa mashavu yao; na yale yaliyokufa huoza, na kuoza kwenyewe hula hewa iliyobaki. Katika maziwa ya kina kifupi hewa yaweza kwisha kabisa, na samaki wote wakafa chini ya kifuniko, watu wasijue mpaka barafu itoke. Hata mahali wasipokufa hulegea, hawana hamu ya chakula. Ndipo jua la Machi huja. Theluji huyeyuka, mwanga hupenya, majani huanza kazi tena. Maji mapya huingia kwa vijito na kwa nyufa, yakileta hewa. Samaki huamka. Tena majike matumbo yao yamejaa mayai, maana hutaga mara barafu inapotoka, nao wahitaji kula. Makundi yaliyokaa miezi mitatu vilindini, mita 9 hata 12, hupanda taratibu kuelekea maji ya kina kifupi watakakotagia. Mvuvi anayejua ghuba hizo aweza kukaa pale pale juu ya tundu moja, samaki wakamjia wenyewe.

Lakini jua lile lile linalowaamsha samaki ndilo linaloiua barafu. Hapo ndipo penye shida yote ya uvuvi huu, nasi twataka wasomaji waifahamu vema, maana si jambo la unene tu.

Barafu changa ya Desemba, nyeupe ya kuona ndani kama kioo, ni imara ajabu. Yenye unene wa sentimita 10 humchukua mtu anayetembea. Yenye sentimita 30 huchukua gari dogo. Hivyo ndivyo serikali za huko zifundishavyo, nazo huongeza kwamba barafu ya rangi ya maziwa, iliyofanywa kwa theluji iliyoloa, ina nusu ya nguvu hiyo. Sasa mtu asiyejua hupima barafu ya mwisho wa Machi, akakuta sentimita 40, akasema moyoni, ‘Hii yaweza kuchukua tembo.’ Naye amekosea. Barafu ya ziwa imejengwa kwa vipande vingi vilivyosimama wima, vimeshikamana kama mabua ya mtama yaliyofungwa pamoja. Jua la machipuko hupenya ndani na kuyeyusha kwanza pale vipande vinapogusana. Unene haupungui sana, bali kamba zinazofunga mabua zimekatika. Wenyeji huiita barafu ya mishumaa, maana ikivunjika humwagika kuwa vijiti virefu vyembamba, vikilia kama vigae vya chupa. Asubuhi, baada ya usiku wa baridi kali, vijiti hivyo vimegandana tena, na mtu aweza kupita. Saa nane mchana, mahali pale pale, mguu wake waweza kutumbukia mpaka pajani. Unene ni ule ule, na ziwa ni lile lile. Kilichobadilika ni saa.

Tumfuate basi mvuvi mmoja, asubuhi moja ya mwisho wa Machi. Hatumtaji jina, maana ni mfano wa wengi. Ametoka nyumbani kungali giza, pamoja na mwanawe wa miaka kumi na miwili. Gari wameliacha barabarani. Majira ya kuliingiza ziwani yamepita. Wanavuta vyombo vyao katika kigari kisicho na magurudumu. Wafikapo ufukoni wakuta jambo ambalo sisi tusingelitazamia: katikati ya ziwa barafu ingali nene, lakini pembeni, mahali pa kuanzia, imekwisha yeyuka. Udongo mweusi wa ukingo hunywa joto la jua, ukaiyeyusha barafu iliyo jirani, hata ziwa zima lazungukwa na mfereji wa maji. Kwa hiyo baba ameleta mbao mbili ndefu. Alaza ubao toka nchi kavu mpaka juu ya barafu iliyo imara, apite yeye kwanza, kisha mtoto. Na kabla ya kuondoka hapo autazama mfereji upana wake, aukumbuke, kwa sababu wakirudi utakuwa mpana zaidi.

Mkononi baba ana mtaimbo wenye ncha kama patasi. Hakanyagi mahali asipopapiga kwanza. Ukilia kwa mlio mkavu na kudunda, asonga hatua. Ukilia kwa mlio mzito kama wa gogo lililooza, arudi nyuma. Ukipenya kwa pigo moja, hapana shauri tena, siku imekwisha, warudi nyumbani. Rangi nayo yasema. Buluu na nyeupe angavu ni njema, nyeupe ya maziwa ni ya mashaka, na ya kijivu imekwisha kunywa maji, haifai. Baba huepuka mahali kijito kinapoingia, maana maji yanayokwenda hula barafu toka chini. Huepuka matete na miti iliyosimama majini, kwa kuwa shina hukusanya joto. Huepuka na matundu ya zamani ya wavuvi wengine, kwani maji ya theluji yote hukimbilia humo, yakizunguka kama maji katika mpare, hata tundu la upana wa sahani likawa la upana wa pipa. Baba na mtoto hawaendi bega kwa bega. Mtoto yuko nyuma hatua kadhaa, akifuata nyayo za baba yake. Na shingoni mwa kila mmoja zaning'inia mpini mbili fupi zenye msumari mkali, zimeungwa kwa kamba. Mtoto alipouliza mara ya kwanza ni za nini, aliambiwa. Nasi tutawaambia mbele kidogo.

Wamefika ghubani. Baba atoboa matundu kwa keekee kubwa. Siku hizi nyingi huendeshwa kwa betri, na tundu moja halichukui dakika. Atoboa kadhaa, yenye nafasi kati yake, kwa kuwa pechi hawatulii mahali pamoja, na mvuvi aliye hodari huwafuata tundu kwa tundu. Wengine hutia majini chombo kidogo kinachopeleka sauti chini na kuusikiliza mwangwi wake, kikaonyesha kwa taa kina cha maji, chambo kilipo, hata samaki anapokikaribia. Twakiri kwamba jambo hilo lilitushangaza. Lakini wapo wazee wanaolala kifudifudi, wamejifunika koti kichwani, wakachungulia ndani ya tundu kwa macho yao. Na katika maji ya mita mbili au tatu waona kila kitu.

Fimbo ya kuvulia ni fupi, haipiti urefu wa mkono wa mtu. Mshipi ni mwembamba kama unywele. Ndoana ni ndogo, imetiwa chubwi ndogo ya risasi au ya madini mengine mazito, na chambo ni buu moja au mawili. Pechi wa maji ya baridi hapigi chambo kama chewa. Hukivuta mdomoni taratibu na kukitema tena upesi. Kwa hiyo ncha ya fimbo imefungwa waya mwembamba unaoinama kwa uzito wa chubwi. Waya ukishuka kidogo, samaki amekamata. Na ukipanda kidogo, amekamata vile vile, maana ameinua chambo kwenda juu. Kijana hukosa wengi mpaka ajifunze jambo hili la pili.

Tena kuna adabu moja ya uvuvi huu inayotupendeza. Pechi ana kibofu cha hewa tumboni, wala hana njia ya kuitoa hewa hiyo upesi. Akivutwa toka kilindi cha mita 9 au zaidi, hewa hutanuka, ikasukuma matumbo yake mpaka mdomoni. Ukimrudisha majini huelea ubavu, akafa. Kwa hiyo katika North Dakota, ambako sheria humruhusu mtu pechi 20 kwa siku, wakuu wa uvuvi huwashauri watu wasiwavue wa vilindini kwa mchezo, wakichagua wakubwa na kuwatupa wadogo. Umvuaye huko umle. Ukiisha kutosheka, acha. Katika maji ya kina kifupi ya mwisho wa majira shida hiyo si kubwa, na wavuvi wengi huwarudisha majini majike makubwa yaliyojaa mayai, ingawa sheria haiwalazimishi.

Sasa ni saa tano na nusu. Jua limepanda, kofia zimevuliwa, na juu ya barafu kuna maji ya kufika kifundoni. Samaki kumi na mmoja wamelala juu ya theluji, na waya wa mtoto haupumziki. Ndiyo saa iliyo njema ya siku njema ya mwaka mzima. Baba apiga mtaimbo kando ya kiti chake, bila kusema neno. Asubuhi alihitaji mapigo sita kutoboa. Sasa matatu yametosha. Amwambia mwanawe, “Kunja mshipi wako.” Mtoto ajibu, “Baba, ndio kwanza wameanza!” Ni kweli, ndio kwanza wameanza. Kila anayezama katika barafu ya mwisho amezama katika saa kama hiyo, au katika ile iliyofuata. Hakuna anayezama kwa sababu samaki hawali. Wasipokula, watu hurudi nyumbani mapema.

Tuseme hakukunja, barafu ikamwachia. Yampasa kufanya nini? Katika mji wa Winnipeg, Manitoba, yuko bwana Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambaye kwa miaka mingi amechunguza mwili wa mtu katika baridi. Naye amejitumbukiza mwenyewe katika maji yenye barafu mara nyingi, apate kujua. Mafundisho yake hukaririwa kwa hesabu tatu: moja, kumi, moja. Dakika moja ya kwanza ni ya pumzi. Maji ya baridi yakikugusa kifua, mwili hushtuka, ukavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, ukahema kama mbwa aliyekimbia. Wengi hufa hapo hapo, si kwa baridi, bali kwa kuvuta maji. Kazi yako katika dakika hiyo ni moja tu, kushika kichwa juu ya maji na kungoja, pumzi itatulia. Dakika kumi zinazofuata mikono na miguu yako ingali yakutii. Hizo ndizo dakika za kujiokoa. Baada yake vidole havishiki tena. Lakini mtu hajafa: saa moja hivi itapita kabla baridi haijamzimisha fahamu, akiwa kichwa chake kimebaki juu. Watu wengi hudhani kwamba aliyeanguka hufa kwa baridi mara moja, na kwa kudhani hivyo hukata tamaa, ambapo wangalikuwa na nafasi.

Namna ya kutoka ni hii. Geukia ulikotoka, usiende mbele, maana barafu ya nyuma ilikuchukua dakika moja iliyopita, na ya mbele huijui. Usivue nguo, hewa iliyomo hukusaidia kuelea. Weka mikono juu ya barafu, kisha piga miguu kama mwogeleaji mpaka mwili ulale sambamba na maji. Hapo ndipo zile mpini mbili zenye misumari zinapofanya kazi. Barafu iliyoloa haishikiki kwa kiganja, ni kama kushika sabuni. Mtu huchoma msumari mmoja mbele, akajivuta, akachoma wa pili, mpaka kifua kipande na miguu ifuate. Akiisha kutoka asisimame. Abingirike kama pipa kufuata njia aliyoijia, ili uzito wake uenee. Na mwenzake asimkimbilie. Huo ndio msiba unaorudiwa kila mwaka, kwamba mmoja huanguka, wa pili humkimbilia, barafu iliyovunjika kwa mmoja ikavunjika kwa wawili. Mwenzake na alale kifudifudi, amtupie kamba au amsukumie ubao, aite msaada.

Twapata kufikiri kwamba maneno hayo hayatuhusu sisi tusio na barafu. Hata hivyo dakika ile ya kwanza, ya kungoja pumzi kabla ya kufanya neno lolote, yafaa kujulikana na kila mtu anayepita juu ya maji.

Serikali za huko hazikuiacha habari hii kwa busara ya kila mtu peke yake. Wakati wa baridi watu hujenga vibanda vidogo juu ya barafu, vyenye jiko na viti. Ziwa likawa kama kijiji. Kibanda kikisahauliwa, barafu ikiyeyuka huzama pamoja na takataka zake. Kwa hiyo North Dakota huamuru vibanda vya kudumu viondolewe kabla ya tarehe 15 Machi kwisha. Saskatchewan hufuata barabara kuu ya namba 16: kusini yake mwisho ni tarehe 15 Machi, kaskazini tarehe 31. Basi mvuvi wetu na mwanawe hawakukuta kijiji. Walikuta alama tu za mraba katika theluji, mahali vibanda vilipokuwa.

Katika maziwa yote ya pechi lenye sifa kubwa ni Devils Lake la North Dakota, na habari zake ni za ajabu. Jina lake kwa Kiingereza lasema kuwa ni ziwa la mashetani, lakini hiyo ni tafsiri mbaya ya wageni. Wadakota, ambao hata leo wana nchi yao ufukoni mwa kusini, huliita Mni Wakan, yaani maji matakatifu. Ziwa hilo lilikuwa halina mto wa kulitoa maji; mvua ikipungua hukauka, ikizidi hupanda. Mwaka 1940, baada ya ukame mkubwa, lilikuwa karibu kwisha. Tangu 1993 likaanza kupanda, na kufika Juni 2011 lilikuwa limepanda karibu mita 10, likaenea mara nne ya upana wake wa kwanza. Mashamba yalizama, nyumba zikahamishwa, barabara zikainuliwa tena na tena. Kwa wakulima ilikuwa hasara ambayo haikufidiwa yote. Kwa pechi ilikuwa karamu: nyasi na vichaka na miti iliyozama ikawa mahali pa kutagia, na uduvi ukawa tele. Leo wavuvi wa barafu hutoka mbali kuja kutoboa matundu juu ya mashamba ya ngano ya watu. Hatujui msomaji ataitikiaje habari hiyo. Sisi hatukuweza kuifurahia nzima wala kuisikitikia nzima.

Tuwarudie baba na mwanawe. Walikunja. Walifuata nyayo zao zile zile, mtaimbo mbele, na mahali pawili iliwabidi kuzunguka ingawa asubuhi walipita pasipo shida. Mfereji wa ufukoni ulikuwa umeongezeka upana wa hatua moja. Ubao ulifika, lakini kwa shida. Baba alimpitisha mtoto kwanza safari hii, akamsukumia kigari, akapita mwenyewe, akauvuta ubao nchi kavu. Ule wa pili alikuwa ameuacha upande wa barafu wawe na wa akiba. Aliutazama, akauacha.

Siku chache baadaye hutokea upepo. Barafu iliyodumu miezi mitano, iliyochukua magari, huweza kuvunjika kwa alasiri moja, ikasukumwa mpaka ufukoni na kujirundika huko, ikilia usiku kucha kama vyombo vinavyooshwa. Kesho yake ziwa ni maji matupu ya buluu, na bata bukini wametua. Pechi jike hupanda usiku katika kina kifupi, penye vichaka vilivyozama, akatoa mayai yake yote katika utepe mmoja ulaini kama ute, uliokunjwa kunjwa, ambao ukinyoshwa waweza kufika mita mbili. Madume humfuata. Utepe hujiviringisha katika matawi, ukabaki hapo ukicheza na maji siku kumi, pengine wiki tatu, kwa kadiri ya baridi. Wakati huo ule ubao wa pili umekwisha chukuliwa na mawimbi, ukatupwa upande wa pili wa ziwa. Mtu mwingine atauokota.